Safari mbili za meli zinazofuatana: tuhame chumba au tuongeze pesa tubaki?

SWALI: Mimi na mama yangu tumelipia safari mbili za meli ya kitalii zinazofuatana, kila moja ya siku saba, meli ile ile. Wiki ya kwanza tumepewa chumba cha sitaha ya 6, katikati ya meli. Wiki ya pili tumepewa sitaha ya 11, karibu kabisa na omo, yaani mbele ya meli. Wakala anasema chumba cha kwanza kimeshachukuliwa na wengine kwa wiki ya pili, ila kipo kingine cha daraja la juu ambacho kiko wazi wiki zote mbili, tukiongeza pesa. Mama ana miaka 74, anatembea kwa mkongojo na anatumia insulini. Je, siku ya kubadilisha chumba tutafunga mizigo yote na kushuka nayo bandarini? Tuongeze pesa ili tusihame?

JIBU: Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye pesa ndani yake. Msiongeze pesa kwa kuogopa kuhama tu. Kuhama chumba ndani ya meli ni kazi ya saa moja ya kufunga na muda mfupi wa kupanga upya, na sehemu nzito inabebwa na wahudumu. Mizigo yenu haishuki bandarini, labda muiweke nyie wenyewe mahali pasipotakiwa, na hilo nitalieleza. Kinachonisumbua mimi ni chumba chenyewe mlichopewa kwa wiki ya pili.

Meli ikikutana na mawimbi hupanda na kushuka kama ubao wa bembea: waliokaa nchani wanarushwa, wa katikati hata hawajui. Omo ni ncha. Halafu kadiri unavyopanda sitaha za juu, ndivyo unavyosikia zaidi meli inavyolala upande huu na upande ule. Sitaha ya 11 mbele kabisa ina yote mawili. Kijana atalala usingizi wake bila kujali, lakini mtu wa miaka 74 anayeamka usiku kwenda msalani na mkongojo mkononi anahitaji sakafu iliyotulia. Kuna na umbali pia. Meli kubwa za siku hizi zina urefu unaozidi mita 300, na kumbi za chakula mara nyingi ziko katikati au upande wa tezi, yaani nyuma. Kutoka chumba cha omoni hadi mezani na kurudi, mara tatu kwa siku, ni matembezi ya kumchosha mama kabla hata hamjashuka kutembea mjini.

Kwa hiyo mbadilishie wakala swali. Usimuulize tena kama mnaweza kupata chumba kile kile. Mwambie atafute chumba chochote cha daraja mlilolipia, kiwe katikati, kwenye sitaha za chini au za kati, kisiwe mbali na lifti. Asipokipata leo, aangalie tena karibu na tarehe ya mwisho ya kukamilisha malipo, ambayo kwa kampuni nyingi huwa miezi miwili hadi minne kabla ya meli kuondoka. Wakati huo wasiotaka kuendelea hujitoa, na vyumba vilivyokuwa vimeshikiliwa hurudi sokoni. Nimeona watu wakipata hapo chumba walichoambiwa miezi kadhaa kwamba hakipo.

Akikipata, mwombe mambo mawili zaidi. La kwanza, aangalie ramani ya sitaha ajue kilichopo juu na chini ya chumba hicho. Chumba chenye vyumba vingine juu na chini yake ndicho kimya. Kilicho chini ya bwawa la kuogelea au mkahawa mtasikia viti vikiburutwa alfajiri, na kilicho juu ya ukumbi wa maonyesho mtasikia ngoma hadi usiku. La pili, aandike kwenye oda zenu kwamba hamtaki kupandishwa daraja bila kuulizwa. Kampuni nyingi huhamisha wageni kwenda chumba kinachohesabiwa kuwa bora ili kupanga nafasi zao, na hicho bora kinaweza kuwa juu zaidi na mbele zaidi, mkajikuta mmerudi pale pale mlipokimbia.

Ikiwa chumba cha katikati kitakosekana kabisa, na hicho cha kulipia nyongeza kiko katikati, hapo ningesema ongezeni kama mnaweza. Ila mjue mnanunua utulivu wa mama. Kutohama ni faida ndogo inayokuja juu yake.

Sasa tuseme mtahama. Jambo la kulielewa kabla ya yote ni kwamba nyie mnajiona mko kwenye safari moja ya siku kumi na nne, lakini mitambo ya meli inawaona kama wageni wanaoondoka na wageni wengine wanaofika, ambao kwa bahati wana majina yale yale. Kila wiki ina namba yake ya oda, na kila kitu kimefungwa kwenye namba hiyo: meza ya chakula, kifurushi cha intaneti, maombi maalumu, hata namna kitanda kilivyopangwa. Nilipokuwa mapokezi melini, wageni wa safari mbili waliokuja na malalamiko siku ya kubadilisha wengi walikuwa wameomba kila kitu vizuri kwa wiki ya kwanza, wakaamini kitaendelea chenyewe. Hakiendelei. Mwambie wakala aunganishe namba zote mbili ili ijulikane nyie ni wasafiri wanaoendelea, kisha maombi ya mama yaandikwe kwenye oda zote mbili, neno kwa neno: vitanda viwili, kiti cha kuogea, friji kwa ajili ya dawa, na chombo cha kutupia sindano.

Kuhusu friji, kuwa makini. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kabati dogo la baridi la chumbani mara nyingi ni la kupoza vinywaji tu, halifikii baridi hiyo. Uliza kwa maandishi kama wataweka friji halisi ya dawa. Wakisita, zahanati ya meli inaweza kuwatunzia akiba, na chumbani mkabaki na ile inayotumika. Siku ya kuhama, insulini haiingii kwenye mzigo wowote utakaobebwa na mtu mwingine. Inakaa kwenye mkoba wako wa mkononi, ndani ya mfuko wa kutunza baridi, pamoja na kipimo cha sukari na kitu kitamu cha dharura.

Siku mbili kabla ya wiki ya kwanza kuisha, pita mapokezi ukawaambie kwamba mnaendelea na safari na mnabadilisha chumba. Uwape namba ya zamani na mpya. Mwambie na mhudumu wa chumba pia, siku hiyo hiyo, akiwa na nafasi ya kukusikiliza. Siku ya mwisho ana vyumba vingi vya kufagia na kutandika kwa saa chache, hana muda wa mazungumzo. Kama mna shukrani ya kumpa, mpeni jioni ya mwisho, kwani asubuhi mnaweza msimwone tena.

Kwa kawaida mtaletewa barua chumbani inayosema saa na mahali pa kukutana wasafiri wanaoendelea. Na karibu kila mara mtaletewa pia lebo za rangi za kufunga kwenye mizigo, kama wanaoshuka. Hapa ndipo penye hatari niliyoitaja mwanzo. Usiku wa mwisho wanaoshuka huweka masanduku yao nje ya mlango, nayo hukusanywa usiku na kupelekwa kwenye jengo la bandari. Sanduku lenu likiwekwa kwenye korido usiku huo, hata bila lebo, litaondoka pamoja na mengine. Lebo hizo zitupeni, na mizigo ibaki ndani ya chumba hadi mhudumu aje kuichukua mwenyewe.

Kufunga kwenyewe ni rahisi kuliko mnavyodhani. Nguo zilizotundikwa ziacheni kwenye henga zake. Mhudumu huziweka kwenye toroli zikiwa zimening'inia na kuzitundika upande wa pili. Vilivyomo kwenye droo na bafuni vitieni kwenye masanduku na mifuko inayofungika. Kila mzigo ufungieni karatasi yenye jina lenu na namba ya chumba kipya kwa herufi kubwa, na mpige picha vyote vikiwa vimepangwa pamoja, mkihesabu ni vingapi. Sefu ya chumbani ifungueni, mtoe kila kitu, muiache wazi ili mhudumu aone ni tupu. Kisha zungukeni chumba mkitazama panaposahaulika: nyuma ya mlango wa bafu, chini ya kitanda, kwenye soketi, na ukutani kama mlitundika kitu kwa ndoano za sumaku. Nguo za kufuliwa zipelekeni mapema, kwa sababu meli nyingi hazipokei tena siku ya mwisho. Na kama mlinunua pombe bandarini au dukani melini, ile inayoshikiliwa hadi mwisho wa safari italetwa chumbani usiku huo, basi iachieni nafasi kwenye mzigo.

Upande wa pesa, akaunti ya wiki ya kwanza hufungwa na mpya kufunguliwa. Mkiwa mlipewa salio la zawadi la kutumia melini, mara nyingi halihamii wiki ya pili wala halirudishwi taslimu, kwa hiyo limalizeni. Vifurushi vya vinywaji na intaneti navyo hukoma na safari, isipokuwa mlinunua kwa oda zote mbili. Mama akitibiwa zahanati wiki ya kwanza, ombeni risiti yenye maelezo kabla akaunti haijafungwa, bima wataihitaji. Bima yenyewe ikatwe kwa siku zote kumi na nne kama safari moja.

Asubuhi ya kubadilisha, mtatakiwa kutoka chumbani mapema, mara nyingi saa mbili au saa tatu, na chumba kipya hakitakuwa tayari hadi mchana, saa saba hivi. Saa zote hizo hamna chumba. Chai siku hiyo huanza na kuisha mapema kuliko kawaida, na kwa mwenye kisukari hilo si jambo dogo: mama ale vizuri kwanza, na mkobani muwe na biskuti za pakiti. Matunda ya mezani msiyachukue kama mtashuka, maana forodha za bandari nyingi haziruhusu. Mkobani pia ziwemo pasipoti, dawa zote, simu na chaja, na sweta, kwa sababu kumbi za kusubiri huwa na baridi.

Kama mtashuka au hamtashuka inategemea bandari. Katika bandari za Marekani, utaratibu wa kawaida ni abiria wote watoke hadi hesabu ifike sifuri ndipo wapya wapande; wanaoendelea huongozwa kwa pamoja kupita uhamiaji, husubiri kidogo, kisha hurudishwa melini mbele ya wageni wapya. Bandari nyingi za Ulaya huwaacha wanaoendelea wabaki ndani. Kwa vyovyote vile, omba kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama asubuhi hiyo, hata kama hakitumii siku nyingine. Mwambie mapema ili asione ni fedheha. Kutembea kwenye daraja la kushukia na kusimama kwenye foleni ya uhamiaji ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za siku hiyo, na mwenye kiti mara nyingi hupitishwa njia fupi. Kiombeni jioni ya kabla, kwa kuwa asubuhi vyote huwa vimeshachukuliwa na wanaoshuka.

Kwenye viza nitakaza kidogo, maana hapa kosa halirekebishiki mkiwa bandarini. Zichukueni ratiba zote mbili mziunganishe ziwe moja, mhesabu kila nchi mtakayoingia na kila mara mtakapotoka na kurudi. Kama meli inatoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Siku zenu pia zihesabike ndani ya kikomo cha 90 katika kila 180. Na kama safari zote mbili kwa pamoja zinaanzia bandari moja ya Marekani na kuishia bandari nyingine ya Marekani, kuna sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli zilizosajiliwa nchi nyingine kusafirisha abiria hivyo, isipokuwa njiani itie nanga kwenye bandari inayohesabiwa kuwa ya mbali. Kanada na Meksiko hazihesabiwi kuwa mbali. Safari moja moja inaweza kuwa halali kabisa, zikiunganishwa zikavunja sheria, na kubadilisha chumba hakusaidii kitu kwa sababu meli ni ile ile na msafiri ni yule yule. Kampuni ikigundua, hufuta safari moja. Wakala athibitishe hili kwa kampuni, kwa maandishi.

Mkisharudi melini mtaikuta karibu tupu. Furahieni, maana hakuna wakati mwingine mtapata viti kando ya bwawa bila kugombania. Kadi ya chumba cha zamani itakuwa imeacha kufanya kazi. Hakikisheni mmepewa mpya, na muiulizie pale pale mkutanoni kama hamjaiona. Msiende kusimama mlangoni mwa chumba kipya kumsubiri mhudumu.

Kitakapokuwa tayari, jambo la kwanza ni kuhesabu mizigo mkiilinganisha na ile picha. Kikikosekana kimoja, simu ipigwe mapokezi dakika hiyo hiyo. Meli nyingi huondoka saa kumi au kumi na moja jioni, na mzigo ulioshushwa kimakosa upo bado kwenye jengo la bandari mita chache kutoka mlipo. Baada ya meli kuondoka utawafikia baada ya siku kadhaa, au mtaukuta nyumbani.

Jambo la pili ni zoezi la usalama, na hapa nakuomba usilipuuze kwa kudhani mmeshalifanya wiki iliyopita. Chumba kikibadilika, kituo chenu cha kukusanyikia kinaweza kubadilika pia. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 walikufa, na mamia ya abiria waliopanda siku hiyo hiyo bandari ya Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi. Kuanzia 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Tembea na mama kutoka chumba kipya hadi kituoni, kwa ngazi ikiwezekana hata kidogo, kwa sababu wakati wa dharura lifti hazitumiki. Kisha nenda mapokezi uulize jambo ambalo wageni wachache sana hulikumbuka: orodha ya abiria wanaohitaji msaada kutoka vyumbani. Meli huwa na orodha hiyo, na mabaharia hutumwa kwa namba ya chumba. Ikiwa jina la mama limebaki na namba ya chumba cha zamani, watamfuata mahali asipokuwepo. Usiondoke hapo hadi wakuthibitishie kwamba namba mpya imeingizwa.

Usiku wa kwanza pia una lake. Vyumba vya meli hujengwa kwa jozi zinazotazamana, hivyo bafu lililokuwa kulia mkiingia linaweza kuwa kushoto, na kitanda kilichokuwa karibu na dirisha kikawa karibu na mlango. Mwili wa mama utakuwa umezoea chumba cha kwanza kwa siku saba. Mfanyisheni mazoezi ya njia ya kutoka kitandani hadi msalani kabla ya kulala, taa ya bafu ibaki inawaka, na mlango wake uachwe wazi kidogo. Angalieni kizingiti cha mlango wa bafu, kwani katika meli nyingi kimeinuka, na mkongojo hugota hapo.

Meza ya chakula ulizieni jioni hiyo hiyo kama mlikuwa na meza ya kudumu, na mkumbushe jikoni kuhusu kisukari cha mama, maana waliokuwa wakiwahudumia wiki iliyopita huenda si hao tena. Menyu nayo huweza kujirudia wiki ya pili. Mkiwaambia mapema, wengi wako tayari kuwaandalia kitu tofauti.

Mwandikie wakala kuhusu chumba cha katikati kabla ya mengine yote, kwa kuwa hilo ndilo lenye ushindani. Akikupa chaguo mbili tatu, nitumie namba za vyumba na jina la meli, nikuangalizie kilicho juu na chini yake.